Siku Mbili Rio, Makumbusho Kibao: Mdada wa Tanga Alivyochagua

Ukiandika Rio de Janeiro kwenye simu, vinavyokuja mwanzo ni vilevile kila siku: sanamu ya Kristo juu ya mlima, ufukwe wa Copacabana, na kanivali ya watu waliovaa manyoya. Ukiongeza kwamba unataka habari za Waafrika wa mji huo, unaletewa orodha ndefu ya makumbusho. Kila moja lina nyota zake na picha zake. Hakuna anayekwambia uanze na lipi, na nyota hazikusaidii, maana watu wengi hutoa nyota tano kwa sababu ya kiyoyozi na mgahawa.

Hapo ndipo alipokwama mdada mmoja mzaliwa wa Tanga, mwalimu wa densi anayeishi Dar. Alikwenda Rio kwa warsha ya wiki mbili. Warsha ikaisha Alhamisi jioni, ndege yake ilikuwa Jumapili alfajiri. Katikati alibaki na Ijumaa na Jumamosi, na hela ya kula, ya metro na ya viingilio viwili vitatu. Kuzurura bila mpango hakuwezi.

Kwa nini makumbusho na si ufukwe? Kwa sababu kila Jumatano jioni anafundisha samba pale Dar, na kuna mwanafunzi wake aliwahi kumwuliza, "Ticha, hii tunayocheza ni ya Wabrazili au ni yetu imekwenda ikarudi?" Darasa zima likacheka, yeye naye akacheka, muziki ukawashwa. Ila swali lilimganda.

Na kulikuwa na jambo la pili ambalo pale Rio hakumwambia mtu. Bibi yake mzaa mama alifariki mwaka uliotangulia. Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Tanga aliacha ngoma mbili, kayamba, chetezo, kigoda, na furushi la vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi. Bibi alikuwa fundi wa ngoma ya pepo, na mtaa mzima ulijua ingawa mchana hakuna aliyelisema. Sasa kaka mtu anataka chumba kikarabatiwe kipangishwe. Mjomba ameshatoa neno kwenye grupu la familia: vitu vile ni vya shetani, vichomwe, mwenye la kusema aseme kabla ya Jumapili. Mama hakuandika kitu. Alama mbili za bluu tu, basi.

"Usiulize kuna nini ndani"

Aliyemkwamua ni kijana aliyekuwa naye kwenye warsha, Mmsumbiji wa Pemba. Si Pemba ya Zanzibar, hii ni Pemba ya Cabo Delgado, huko kaskazini ambako Kimwani na Kiswahili vinasikilizana kama ndugu waliotengana miaka michache tu. Kireno anakimwaga, Rio alishakaa miezi kadhaa, na kwa wiki mbili zile alikuwa ndiye mdomo wa mdada kwenye maduka na vituo vya basi.

Ijumaa asubuhi wakakaa na kahawa, orodha iko mezani. Mdada alikuwa ameweka juu kabisa Museu do Amanhã, Makumbusho ya Kesho, lile jengo jeupe pale Praça Mauá linaloonekana kama mdudu mkubwa anayetaka kuruka baharini. Lilichorwa na Santiago Calatrava, likafunguliwa mwisho wa 2015. Zuri, hakuna ubishi.

"Dada, hilo ni la sayansi," kijana akamwambia. "Hali ya hewa, dunia inakokwenda, mambo hayo. Tutapita nje upige picha zako. Lakini wewe umekuja na swali la watu."

"Sasa nitajuaje lipi lina watu? Yote yameandika Afrika, Afrika."

"Usiulize kuna nini ndani. Uliza vilifikaje humo. Kitu hufika makumbusho kwa njia chache: kimetolewa zawadi, kimenyang'anywa, kimefukuliwa chini, au wenyewe wamekileta na bado wanakilinda. Tuchague mahali pa kila njia. Tukienda matatu ya njia moja tumeona kitu kimoja mara tatu."

Kwa kanuni hiyo tu, orodha ya makumbusho kumi na kitu ikashuka ikabaki ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ijumaa: vilivyotoka chini

Walianza bandarini, eneo linaloitwa Pequena África, yaani Afrika Ndogo. Jina hilo huhusishwa na Heitor dos Prazeres, mwanamuziki na mchoraji. Uzuri wake ni kwamba ukishashuka Praça Mauá unatembea kwa miguu, sehemu moja haiko mbali na nyingine.

Wakapita kwanza Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi, mahali ambapo zamani watumwa walishusha chumvi kutoka kwenye vyombo na ambapo baadaye wapiga samba walikutana. Mpaka leo Jumatatu usiku watu hujazana hapo kwa samba ya wazi. Ijumaa asubuhi palikuwa kimya, paka mmoja na mzee anafagia.

Kutoka hapo wakaenda Cais do Valongo. Mtu aliyezoea kuona makumbusho yenye mlango na tiketi anaweza kupita hapa asijue. Ni shimo la wazi katikati ya mji, na ndani yake kuna mawe. Mawe hayo ni gati lililojengwa 1811, na UNESCO inakadiria kwamba Waafrika wapatao 900,000 walishukia hapo. Mwaka 1831 biashara ya kuingiza watumwa ilipigwa marufuku kisheria, ingawa iliendelea kwa magendo. Mwaka 1843 gati likafunikwa kwa gati jipya, la kifahari zaidi, ili kumpokea Teresa Cristina, mke mtarajiwa wa mfalme Pedro II. Baadaye mji ukajenga juu ya yote mawili. Ilikuwa 2011, wakati bandari inafumuliwa kutengenezwa upya kabla ya Olimpiki, ndipo mawe yalipoonekana tena, na 2017 yakaingia kwenye Urithi wa Dunia.

Yaani mradi uleule uliojenga Makumbusho ya Kesho ndio uliofukua gati la jana. Kijana alilisema hilo huku akicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

"Na wa kwenu walishukia hapa?" mdada akauliza.

"Wengi wa hapa walitoka Kongo na Angola. Lakini wa kwetu pia walikuwepo. Waliletwa kutoka Quelimane, kutoka Kisiwa cha Msumbiji, wakazunguka rasi yote ya kusini. Hapa waliitwa Moçambique tu, uwe Mmakua uwe nani. Kabila lako lilikuwa bandari uliyopakiwa."

Wachimbaji walikuta chini ya udongo hirizi, shanga, kauri na viko vya kuvutia tumbaku. Mdada akauliza shanga kwa Kireno cha Brazili huitwaje. Miçanga. Akalirudia mara mbili, akatega sikio. Kisha akaanza kukusanya maneno kama mtoto anayeokota embe: moleque ni mtoto mtundu wa mtaani, caçula ni kitindamimba, na quitanda... "Kitanda?" Hapana, quitanda ni genge la mboga na matunda. Maneno hayo yametoka Kimbundu cha Angola, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Na kuna moja lilimnyamazisha: malungo. Ndivyo walivyoitana watu waliovuka bahari kwenye meli moja. Hawakuwa na ukoo tena, wakaufanya mwingine kutokana na meli.

Mita mia kadhaa mbele, Gamboa, kuna nyumba ya kawaida kwenye barabara ya Pedro Ernesto. Hapa ndipo Instituto Pretos Novos. Mwaka 1996 mke na mume wenye nyumba walikuwa wanaikarabati, mafundi wakachimba, wakakuta mifupa. Walidhani kuna mauaji. Kumbe nyumba yao imekaa juu ya makaburi ya "weusi wapya", jina walilopewa Waafrika waliofika wakafa kabla hata hawajauzwa. Makaburi hayo yalifungwa 1830. Hakukuwa na sanda wala jeneza, watu walitupwa shimoni, wengine wakachomwa, na taka za mji zikamwagwa hapohapo. Mwaka 2017 wachimbaji walipata mifupa kamili ya mwanamke kijana, wakampa jina la Bakhita, kwa heshima ya mtakatifu yule mzaliwa wa Sudan aliyekuwa mtumwa.

Wenye nyumba wangeweza kumwaga zege wakanyamaza. Wangepangisha. Hawakufanya hivyo, na mwaka 2005 taasisi ikaanzishwa hapohapo nyumbani. Mdada alisimama juu ya kioo cha sakafuni muda mrefu kuliko alivyosimama popote siku ile. Chumba cha nyuma. Ukarabati. Kupangisha. Alitoa simu, akafungua grupu la familia, akalifunga tena.

Walimalizia MUHCAB, makumbusho ya manispaa ya historia na utamaduni wa Waafrika-Wabrazili, yaliyo ndani ya jengo la shule ya mwaka 1877 mtaa huohuo wa Gamboa. Ukiwa na nusu siku tu, hapa panakupa picha pana: watu, dini, sanaa, siasa. Lakini kijana alimwambia jambo ambalo wengi wanalikosea. Ukianza na MUHCAB unaona maonyesho. Ukianza na gati na makaburi, ukifika MUHCAB unakuwa tayari unajua umesimama juu ya nini.

Jumamosi: vilivyonyang'anywa

Jumamosi wakapanda metro mpaka Catete, kwenye kasri lililokuwa ikulu ya marais na ambamo Getúlio Vargas alijipiga risasi 1954. Sasa ni Museu da República. Mtu anayetafuta Afrika hawezi kulifikiria. Lina mazulia, dari za dhahabu, viti vya wakubwa. Mdada alianza kununa.

"Kaka, tumekuja kuangalia makochi ya marais?"

"Tukae bustanini kwanza nikusimulie."

Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, nchi ya mwisho katika mabara yote mawili ya Amerika. Miaka miwili baadaye, sheria ya jinai ya 1890 ikafanya uganga na "uchawi" kuwa kosa. Wenye dini zilizotoka Afrika, candomblé na baadaye umbanda, wakawa mawindo. Polisi waliingia kwenye nyumba za ibada, wakakamata watu, wakabeba ngoma, mavazi, shanga, sanamu na viti. Vitu hivyo vikawekwa kwenye makumbusho ya polisi kama ushahidi wa uhalifu. Mwaka 1938 serikali ikaviandikisha kuwa urithi wa taifa. Vizuri? Viliandikishwa kwa jina la Makumbusho ya Uchawi.

Wenye dini walidai vyao kwa miaka mingi. Mwaka 2017, Mãe Meninazinha de Oxum na viongozi wenzake walianzisha kampeni iliyosema waziwazi: kifungueni kitakatifu chetu. Mwezi Septemba 2020 vitu 519 vikatoka mikononi mwa polisi vikaja kwenye kasri hili. Jina la uchawi likaachwa, sasa mkusanyiko unaitwa Nosso Sagrado, Kitakatifu Chetu. Na jambo kubwa zaidi ni hili: viongozi wa dini wanasimamia pamoja na makumbusho. Ngoma ya candomblé si pipa lenye ngozi. Zipo tatu, zina majina, rum, rumpi na lê, na zina wenye haki ya kuzigusa. Mtaalamu mwenye shahada zake hawezi kuamua peke yake iwekwe juu au chini.

Kijana alipomaliza, mdada alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu akamwaga yote: bibi, chumba cha nyuma, mjomba, Jumapili.

Yule Mmsumbiji hakumpa hotuba. Alimwuliza kitu kimoja tu. "Waliokuwa wanacheza na bibi yako, wako hai?"

Hakujua. Katika ujumbe wote wa lile grupu, zaidi ya mia mbili, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza hilo.

Jina walilolijua

Wakati wa kutoka, kijana akamwonyesha kwenye simu picha ya jengo jingine lililokuwa kwenye orodha wakalikata, Museu Nacional, lililoko Quinta da Boa Vista. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 liliungua. Ndani yake kulikuwa na ukumbi wa maonyesho ya Afrika uliofunguliwa 2014. Ndani ya ukumbi ule njia za kijana zilikuwa zimekutana chumba kimoja: zawadi za wafalme, kikiwemo kiti cha enzi ambacho Adandozan wa Dahomey alimpelekea mtawala wa Kireno mwanzoni mwa miaka ya 1800, na vitu ambavyo polisi wa Rio walivinyang'anya kwa waumini. Kiti kile cha enzi kiliteketea.

"Unajua ukumbi ule uliitwaje?"

"Utaje."

"Kumbukumbu."

Alidhani anamtania. Hapana. Wakati wa kutafuta jina la maonyesho ya Afrika, Wabrazili walichagua neno la Kiswahili, wakaliandika ukutani vilevile tunavyoliandika sisi. Watu wa upande wa pili wa bahari walichukua neno la kwao Tanga kulinda walichokuwa nacho. Moto haukuwauliza maoni.

Na kule kwao mtu alikuwa anatafuta kiberiti kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana walikwenda Mangueira, Museu do Samba, mahali pa njia ya nne: wenyewe wamekileta na wenyewe wanakilinda. Lilianza 2001 kama kituo chenye jina la Cartola, mtunzi mkubwa wa mtaa huo. Pale alipata jibu la mwanafunzi wake wa Jumatano, angalau kwa sehemu. Samba ya Rio ilikuzwa kwenye nyumba za akina mama waliohamia kutoka Bahia, mmoja wao Tia Ciata. Alikuwa mpishi na mwuza vitafunwa, kiongozi wa candomblé, na kwenye nyumba yake ndiko kunakohusishwa wimbo "Pelo Telefone" ulioandikishwa 1916. Chumba kimoja ibada, kingine densi, watu walewale. Waliopiga ngoma ya kanivali na waliopigia orixás ngoma hawakuwa watu wawili tofauti. Kwa hiyo si ya kwetu iliyokwenda ikarudi. Ni ya watu waliochukuliwa, wakachanganyika na malungo wao, wakatengeneza kitu ambacho hakikuwepo kwetu wala kwao. Undugu upo. Umiliki ni jambo jingine.

Neno kwenye grupu

Usiku wa Jumamosi, mabegi yamefungwa, aliandika kwenye grupu. Hakuandika kwamba mjomba ni mshamba, wala kwamba dini yake mbaya. Aliandika: "Shikamoo mjomba. Naomba visichomwe kwanza. Siombi turudishe ngoma nyumbani, wala siombi vipelekwe makumbusho. Naomba tuwatafute akina mama waliokuwa wakicheza na bibi, tuwaulize vitu vile ni vya nani. Inawezekana si vyetu kuchoma. Kodi ya chumba ya miezi miwili nitailipa mimi."

Mjomba alijibu kwamba Ulaya imemharibu. Kaka mtu akarekebisha kwamba Brazili si Ulaya, halafu akasema kama kodi inalipwa yeye hana neno. Dakika ishirini zikapita. Kisha mama, ambaye hakuwa ameandika lolote tangu mjadala uanze, akatuma sauti ya sekunde tisa: "Ile ngoma kubwa ina jina lake. Bi mkubwa wa Pangani analijua. Mwanangu ukirudi tutakwenda."

Mjomba mpaka sasa hajakubali. Chumba bado hakijakarabatiwa.

Kwa anayekwenda Rio na siku mbili kama alizokuwa nazo, mpango wake ulikuwa huu: siku ya kwanza Pedra do Sal, Cais do Valongo, Pretos Novos na MUHCAB, yote kwa miguu, siku ya pili Catete asubuhi, Mangueira mchana. Jumatatu makumbusho mengi ya Rio hufungwa, hiyo iachie samba ya usiku. Kila unapoingia, kabla hujatoa simu, muulize anayekuongoza kitu hiki kilifikaje hapa. Akijibu vizuri, kaa. Akianza kukuonyesha duka la zawadi, una mguu, unajua la kufanya.

Je, kwenu kuna chumba cha nyuma? Na nani anajua jina la kilichomo?